Tumeshatuma, haijasoma

Alhamisi ya tarehe 28 Machi 2024, saa tisa alasiri, kundi la WhatsApp la ofisini kwetu lilikuwa na swali moja tu: "Imesoma?" Hakuna aliyetaja mshahara, na hakuna aliyehitaji kuutaja. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, kesho kutwa Jumamosi, mtondo Pasaka yenyewe, na mtondogoo Jumatatu ya Pasaka. Mkataba wangu wa wakati ule ulisema mshahara unalipwa "mwisho wa kila mwezi", na mwisho wa mwezi ule uliangukia Jumapili ya Pasaka.

Saa kumi na dakika zake dada wa mapokezi akaandika, "Kwangu imesoma." Dereva naye, imesoma. Wakafuata watatu wengine, wote wateja wa benki moja, ile ambayo kampuni ina akaunti yake. Sisi wa benki nyingine tukabaki tunaangalia salio, na kwa benki yangu kuangalia salio kwenye ATM kulikuwa na ada yake, kwa hiyo nilikuwa nalipia kuambiwa kwamba sina kitu. Nikampigia mhasibu. "Tumeshatuma, kaka. Waulize benki yako." Nikapiga benki. "Haijafika kwetu. Muulize mwajiri wako." Iliposoma ilikuwa Jumanne, tarehe 2 Aprili, saa nne na robo asubuhi.

Kwenye vitabu vya kampuni nililipwa Alhamisi. Dukani kwa Mangi nililipwa Jumanne. Siku zilizo katikati hazina mwenyewe: mwajiri anasema si zake, benki inasema si zake, na sheria haizijui. Lakini gharama yake ina mwenyewe, na ni yule yule aliyefanya kazi mwezi mzima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile Sura ya 366, imelishughulikia suala la malipo katika kifungu cha 27. Ukikisoma leo unaona wazi kwamba kilichokuwa mawazoni ni bahasha. Mwajiri alipe ndani ya saa za kazi, mahali pa kazi, siku ya malipo iliyokubaliwa. Alipe taslimu, isipokuwa mfanyakazi akikubali vinginevyo. Hapo iwe kwa hundi, au kwa kuweka moja kwa moja kwenye akaunti ambayo mfanyakazi mwenyewe ameitaja kwa maandishi. Na ikiwa ni taslimu au hundi, iwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Majirani zetu Kenya, katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, walikwenda mbele zaidi: kifungu cha 17 kinakataza mshahara kulipwa mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa wale wanaofanya kazi hapo hapo. Bunge lao liliiona hatari ya baa. Hatari ya faili lililokwama Ijumaa jioni haikuwapo akilini mwa mtu.

Siibezi bahasha. Marehemu baba yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam, na alikuwa akitusimulia ile siku ya dirisha: mnapanga foleni, unaitwa jina, unaweka sahihi au dole gumba, unahesabu noti pale pale mbele ya karani, kwa sababu ukishaondoka dirishani hakuna malalamiko. Foleni ilikuwa ndefu na vibaka walikuwa wanaijua tarehe kuliko wafanyakazi wenyewe. Hata hivyo lilikuwapo jambo moja ambalo sisi wa akaunti tumelipoteza bila kugundua. Pale dirishani, kulipa na kulipwa kulikuwa tendo moja. Karani asingeweza kusema amelipa wakati mkono wa baba bado mtupu. Akaunti imelikata tendo hilo vipande viwili, kipande cha kutuma na kipande cha kusoma, na kati yake tumeweka mifumo, saa za kufunga, sikukuu na neno "tumeshatuma".

Hebu tulifuate faili lenyewe, maana hapa ndipo watu wengi tunapomlaumu asiyehusika. Mhasibu anaandaa orodha ya mishahara baada ya makato: kodi ya TRA, NSSF, bodi ya mikopo kwa waliokopeshwa vyuoni, mikopo ya benki, mchango wa msiba wa mwenzetu. Anaipakia kwenye mtandao wa benki ya kampuni. Faili halitembei bado. Linasubiri mtu wa pili aliidhinishe, kwa kawaida mkurugenzi au meneja wa fedha, kwa sababu hakuna benki yenye akili inayomruhusu mtu mmoja kuandaa malipo na kuyapitisha mwenyewe. Mtu wa pili akishaidhinisha, benki inaangalia kama akaunti ya kampuni ina fedha ya kutosha jumla yote. Kama ipo, wafanyakazi wenye akaunti kwenye benki hiyo hiyo wanasomewa papo hapo, maana fedha haijatoka nje ya nyumba. Imehama chumba tu. Wale wa benki nyingine wanapitia njia za Benki Kuu. Ipo TISS, inayofanya kazi tangu 2004, ambayo humaliza malipo moja moja kati ya benki na benki. Upo uhamisho unaokwenda kwa mafungu, unaopita kwenye nyumba ya kuhawilisha malipo, TACH. Na katika miaka ya karibuni imekuja TIPS, inayounganisha benki na mitandao ya simu, ambako fedha inafika ndani ya sekunde, hata usiku wa manane, hata Krismasi.

Mtaani kuna imani kubwa kwamba benki "zinazungusha hela zetu" siku mbili tatu kabla ya kutuachia. Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia kwa wasomi, na zamani niliiamini. Siiamini tena, angalau si kwa namna inavyosimuliwa. Malipo ya TISS yakishapita yamepita. Hakuna bwawa katikati ambamo mishahara inaogelea usiku kucha ikizaa riba. Benki inayopokea inaweza kuwa na makosa yake: jina halilingani na akaunti, akaunti imelala muda mrefu, au mfumo umeelemewa siku ambayo nchi nzima inabonyeza simu. Lakini nimekaa maofisini miaka kumi na tano sasa, na mara nyingi bomba lilikuwa zima, ila aliyetakiwa kufungua koki alichelewa. Meneja wa fedha yuko safarini Mwanza na simu yake haina chaji. Akaunti ya kampuni imepungua, wanasubiri mteja mmoja alipe ndipo faili lipite. Mhasibu ameona ada ya TISS inahesabika kwa maelfu ya shilingi kwa kila jina, akazidisha kwa majina arobaini, akachagua njia ya bei nafuu ambayo ni ya polepole. Au faili limeidhinishwa saa kumi na moja jioni, na benki ilishafunga kupokea malipo ya siku hiyo saa moja na nusu kabla.

Zote hizo ni sababu, na hakuna hata moja iliyo ya mfanyakazi.

Kwa kubana ile ada, waajiri wengi wana dawa yao: "Fungueni akaunti kwenye benki yetu." Inasemwa kama ushauri siku ya kwanza kazini, pamoja na fomu ambayo tayari ina jina la benki. Sheria imesema akaunti anaitaja mfanyakazi. Mwenye njaa ya ajira hataji kitu, anasaini. Baadaye anachukua mkopo kwenye benki hiyo hiyo, na benki inamtaka mwajiri aandike barua kwamba mshahara hautahamishwa mpaka deni liishe. Hapo akaunti imekuwa kambi. Anasomewa mapema kuliko wenzake, ni kweli, lakini hawezi kuhama, na benki inayojua kwamba huwezi kuhama haina sababu ya kukuwahi.

Halafu inasoma. Wengi tunadhani hapo ndipo hadithi inapoishia, kumbe foleni nyingine ndiyo imeanza, na mwenye mshahara hayumo mbele.

Meseji ya kwanza inasema umeingiziwa kiasi fulani. Ya pili inakuja kabla hujaweka simu mfukoni, nayo inasema kiasi fulani kimetoka. Ni ule mkopo mdogo wa mshahara uliouchukua tarehe 17 kwa kubonyeza namba tatu, kwa sababu mwezi uliopita mshahara ulichelewa. Mfumo wa benki haulali, hausafiri kwenda Mwanza, na hauhitaji mtu wa pili wa kuidhinisha. Unajua sekunde ambayo fedha imegusa akaunti. Ajabu yangu ni hii: teknolojia ya kukata deni inafanya kazi kwa sekunde, na teknolojia ya kukulipa inafanya kazi kwa "kuanzia Jumanne".

Watumishi wa umma wanaijua kanuni ya theluthi moja: makato yote yakishatolewa, mtu abaki na walau theluthi ya mshahara wake. Kenya wameiandika ndani ya sheria, kifungu cha 19, kwamba jumla ya makato isizidi theluthi mbili. Ni kanuni ya utu, na aliyeitunga alimjua mkopaji vizuri. Lakini inapimwa kwenye orodha ya mishahara, yaani kabla fedha haijatoka kwa mwajiri. Mkopo wa simu na mkopo mdogo wa mshahara vinakatwa baada ya fedha kusoma, ndani ya akaunti, mahali ambapo afisa utumishi haoni kitu. Mtu anaweza kuwa na hati ya mshahara inayoheshimu theluthi moja kikamilifu, na akaunti yenye shilingi elfu kumi na nane saa moja baada ya kulipwa. Ulinzi wetu umesimama getini wakati mwizi yuko sebuleni.

Na hapo ninazungumzia wakopeshaji wenye leseni. Wale wa kausha damu, wanaokopesha mtaani na kushika kadi ya benki ya mkopaji, wana mfumo wao, wala hauhitaji mtandao. Alfajiri moja ya mwisho wa mwezi nilimkuta kijana kwenye ATM pale Mwenge, amesimama peke yake, na foleni nyuma yake haimwelewi. Mkononi alikuwa na kadi kama kumi na tano zimefungwa kwa mpira wa manjano, kila moja ina kipande cha plasta nyeupe, na juu ya plasta namba nne za siri kwa kalamu ya wino. Anaingiza kadi, anasoma plasta, anatoa kiasi, anaandika kwenye daftari la shule, anaingiza nyingine. Mbili zilikataa. Akazitazama, akatikisa kichwa, akaziweka mfuko wa shati, peke yake. "Hawa bado hawajasomewa," alimwambia mlinzi, kwa sauti ya mtu anayeongelea ng'ombe ambao hawajarudi malishoni. Wenye kadi hizo walikuwa bado wamelala, na mshahara wao ulikuwa umeshatoka kwenda kwa mtu mwingine.

Serikali imejitahidi kwa upande huo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya mwaka 2018, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo za daraja la pili, na Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zinafanya biashara bila idhini. Sawa kabisa. Lakini unapigana na mbu bila kuangalia dimbwi. Ile Pasaka mimi niliazima laki moja kwa jamaa wa jengo la jirani siku ya Ijumaa, nikamrudishia laki na ishirini Jumanne. Asilimia ishirini kwa siku nne, na sikuwa mtu asiye na mshahara. Nilikuwa mtu ambaye mshahara wake "umeshatumwa".

Kuna mwingine aliyekuwa anasubiri wikiendi ile, nami ndiye nilikuwa mwajiri wake. Dada anayetusaidia nyumbani hana akaunti ya benki. Namtumia kwenye simu. Jumamosi aliniuliza kwa adabu, akiwa anakunja nguo na bila kunitazama, "Baba Neema, vipi, imesoma?" Nikamjibu hasa yale niliyojibiwa na mhasibu: ofisini wameshatuma, tusubiri. Akaitikia. Jioni ndiyo akasema, "We nipe hata tarehe tano, Baba Neema, ila iwe tano kweli. Mama naye kule Kondoa ananisubiri mimi." Mama yake, nikaja kujua, alikuwa amemwahidi fundi wa bati. Fundi naye bila shaka alikuwa ameahidi mtu. Nilikaa na sentensi ile muda mrefu kuliko nilivyokaa na semina yoyote ya huduma jumuishi za fedha. Hakuomba alipwe haraka. Aliomba tarehe ambayo ni tarehe.

Hapo ndipo mjadala wetu wa malipo unapopotea njia. Kila mwaka tunashangilia kasi: mfumo mpya, sekunde, saa ishirini na nne. Kasi ni nzuri, lakini haimpi mpangaji cha kumwambia mwenye nyumba. Mdogo wangu anafanya kazi ghalani huko Leicester, Uingereza. Mshahara wake unapita kwenye mfumo unaoitwa Bacs, ambao chimbuko lake ni mwaka 1968 na ambao unachukua siku tatu za kazi. Siku ya kwanza mwajiri anapeleka faili, ya pili linachakatwa, ya tatu fedha inakuwa kwenye akaunti asubuhi. Siku tatu! Ukilinganisha na TIPS yetu ni mkokoteni. Lakini mdogo wangu hajawahi kuniambia "bado haijasoma", kwa sababu mkokoteni ule una ratiba, mwajiri anajua lazima aupakie siku mbili kabla, na mkataba wake unasema siku ya malipo ikiangukia wikiendi analipwa Ijumaa. Marekani nako, chini ya kanuni za Nacha zinazoongoza malipo ya moja kwa moja kati ya benki, mshahara uliofika kwa benki kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya kazi iliyotangulia unatakiwa uweze kutolewa saa tatu asubuhi ya siku ya malipo. Kwa hiyo ipo saa, imeandikwa, na anayedaiwa anajulikana.

Sisi tuna bomba jipya linalopitisha maji kwa sekunde, na hakuna aliyeandika saa ya kufungua.

Serikali yenyewe, nikiri, kwa hili inawazidi waajiri wengi binafsi. Hazina hulipa watumishi kabla mwezi haujaisha, na mwalimu wa Nachingwea anajua kwamba ikifika wiki ya nne aanze kusikilizia simu. Kusikilizia bado ni kusikilizia, na kule vijijini kusoma kwa mshahara si kuupata, maana wakala wa jirani anaweza kukosa fedha taslimu kwa wiki nzima walimu wote wakishamfuata siku moja. Ila tarehe inakaribiana mwezi kwa mwezi. Kenya mwaka 2023, mwezi Aprili, watumishi walikaa bila mishahara ya Machi huku serikali ikieleza hadharani kwamba madeni ya nje yamebana hazina, na kwa wiki kadhaa hakukuwa na habari kubwa kuliko hiyo. Mishahara ya serikali ikichelewa inakuwa habari ya taifa. Ya karakana yenye wafanyakazi kumi na mbili pale Vingunguti ikichelewa siku sita ni habari ya kundi la WhatsApp.

Mei Mosi 2025 kule Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini cha utumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, na uwanja ukalipuka kwa shangwe, kwa haki kabisa. Nimehudhuria Mei Mosi nyingi, nimesoma mabango mengi. Yote ni ya kiasi. Sijawahi kuona bango linalodai saa. Nadhani ni kwa sababu kuchelewa siku tatu kunaonekana jambo dogo la kumsumbua nalo mtu mzima. Unaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, lakini nani anapanda daladala mbili kwenda CMA kwa sababu ya Jumatatu moja ya Pasaka? Kabla hujaitwa fedha imeshasoma, na umeshakuwa yule mfanyakazi mkorofi.

Mlinganishe na TRA. Kodi ya mshahara, ile ile iliyokatwa kwenye jasho langu, mwajiri anatakiwa aiwasilishe ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Akichelewa kuna riba na kuna adhabu, na mhasibu anayelala usingizi mzito tarehe 30 anakesha tarehe 6. Kampuni ile ile, akaunti ile ile, meneja yule yule wa safari za Mwanza. Kwa TRA siku ina meno. Kwa mfanyakazi siku ina "samahani kwa usumbufu uliojitokeza".

Najua jibu la waajiri wadogo, na si jibu la hovyo. Wengi wao wanamdai mtu mkubwa kuliko wao. Mzabuni aliyepeleka vyakula shule ya serikali anaweza kusubiri malipo mpaka nywele ziote mvi, na mishahara ya vijana wake imekaa ndani ya deni hilo. Kumtoza riba kwa kila siku ya kuchelewa kutamfanya aachishe wawili ili kuwawahi wanane. Naliheshimu hilo. Ila ninakotaka tuanzie hakumgharimu mzabuni shilingi hata moja.

Tuanze na maana ya neno "kulipa". Kifungu cha 27 kikiongezewa sentensi moja, kwamba malipo kwa njia ya akaunti yamefanyika pale mfanyakazi anapoweza kuyatoa na si pale mwajiri anapoagiza, "tumeshatuma" inapoteza nguvu yake yote. Mwajiri atajifunza mwenyewe kupakia mkokoteni mapema. Ada ya TISS na saa ya benki kufunga vitakuwa mambo yake na benki yake, ambako ana sauti, badala ya mambo yangu na benki yangu, ambako nina namba ya foleni.

La pili ni neno moja la mkataba. Siku ya malipo ikiangukia sikukuu au mwisho wa wiki, mshahara ulipwe siku ya kazi "inayotangulia". Mikataba mingi niliyoiona haisemi chochote, na ukimya huo maofisini kwetu unatafsiriwa kuwa "inayofuata". Kwa Pasaka ya 2024, tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa siku tano na shilingi elfu ishirini zangu.

Suala la makato ndani ya akaunti ni gumu zaidi, na sitajifanya nina sentensi moja ya kulimaliza. Benki zitasema, na ni kweli, kwamba bila kukata papo hapo mikopo midogo itapanda bei au itakufa. Lakini haingii akilini kwamba theluthi moja ni haki ya mtu saa mbili asubuhi akiwa kwenye orodha ya mwajiri, na saa mbili na dakika moja si haki tena kwa sababu fedha imebadilisha mlango.

Niliacha kazi kwenye kampuni ile mwaka jana. Hii niliyopo sasa ni nzuri, wanalipa, na mkataba wao nao unasema "mwisho wa kila mwezi". Nimefungua kalenda ya 2026: mwisho wa mwezi unaangukia Jumamosi au Jumapili mara nne, yaani Januari, Februari, Mei na Oktoba. Nikamwandikia dada wa HR barua pepe fupi kuomba lile neno moja, nikaambatanisha kalenda. Alinijibu siku hiyo hiyo, kwa uungwana, kwamba ameipenda hoja na ameipeleka kwa uongozi. Dada wa nyumbani sasa namtumia tarehe tano. Mara mbili imebidi niazime ili iwe tano kweli.

HR nilimkumbusha wiki iliyopita. Bado iko kwa uongozi.